Dua ya Siku ya Madaraka

Kila tarehe mosi Juni, kabla bendera haijapandishwa, Ustadh Abubakr Famau wa Kizingitini huitwa uwanjani kuomba dua. Ameifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na tisa. Siku nyingine husomesha watoto Kurani asubuhi na kupalilia minazi yake jioni.

Mwaka 2024 binti yake, Huwaida, alipata nafasi katika chuo cha uuguzi. Chuo kilitaka kitambulisho cha taifa kabla ya mwisho wa Juni. Mara tatu Huwaida alikuwa amefika mbele ya kamati inayowahoji watu wa pwani yetu kabla ya kupewa kitambulisho, akiwa na vyeti vya baba na vya babu. Mara tatu aliambiwa arudi, athibitishe kwamba ni Mkenya.

Asubuhi ya sherehe, karani wa tarafa, Bwana Swafwan, alimpokea Ustadh langoni.

"Dua fupi, Ustadh. Na siasa tuiwache."

"Mola ana chama gani, Swafwan?"

Ustadh akasimama mbele ya watu. Akaomba mvua, wakaitikia amin. Akaomba amani, wakaitikia. Kisha akaongeza:

"Ya Rabbi, leo nti yetu yashukuru kujitawala. Na watoto wetu waambiwa wathibitishe kuwa ni wa nti hii. Wape vitambulisho vyao. Anayewazuia, mlainishe moyo."

Amin ilianza kwa kina mama, ikaenea uwanja mzima. Jukwaani wakubwa nao walikuwa wameinua mikono. Mwenyekiti wa ile kamati aliinamisha kichwa, akaitikia pamoja nao.

"Umeniponza," Swafwan alimnong'oneza baadaye.

"Mbona nawe umeitikia?"

"Dua ni dua. Ningefanyaje?"

Hotuba iliyofuata ilitaja haki za kila mwananchi. Sikukuu hii iliwekwa ili tukumbuke kwamba mamlaka ni yetu. Ustadh aliitumia kuomba kitu ambacho tayari kilikuwa haki ya mwanawe.

Jumatatu Huwaida alirudi kwenye kamati. Kwa mara ya kwanza mwenyekiti alisoma vyeti vyote, akatia sahihi bila kumtazama. Kitambulisho chenyewe kilifika Septemba, na nafasi chuoni ilikuwa imeshapewa mwingine.

Huwaida alimpa babake akishike.

"Sasa nimekuwa Mkenya, Baba."

"Ulikuwa tangu kuzaliwa," akamjibu.

Wakaketi kuandika ombi jipya la chuo.