Magurudumu Mapya ya Kichwa cha Treni

Baba yangu alifunga magurudumu ya treni kwenye karakana ya reli maisha yake yote ya kazi. Alipostaafu alirudi Kilosa na mikono isiyojua kukaa bure. Kichwa kidogo cha treni, kile cha kuchezea, urefu wa kiganja, nilikipata mimi kwenye mitumba Morogoro, pamoja na reli zake na kiboksi cha umeme. Magurudumu yake yalikuwa yamepasuka. Nilimpelekea kama mtu anavyompelekea mgonjwa machungwa.

Na alikuwa mgonjwa wa namna yake. Tangu tumzike mama, hakuvuka msikiti na soko. Dada yangu, mwalimu wa fizikia Mikumi, alimwomba mara tatu akakae naye wiki moja. Kila mara kuku waliumwa. Safari hii dada akaja na ujanja: alete kichwa hicho Jumatano, awaonyeshe wanafunzi umeme unavyofanya kazi.

"Kikitembea, nitakuja," baba alijibu.

Kisipotembea, nilijua hatatoka tena.

Rafiki yake wa Ruhembe, fundi wa kuchonga vyuma, alituma magurudumu sita ya shaba, yanang'aa kama vifungo vya sare. Baba aliyakaza mawili mawili kwenye ekseli tatu za chuma. Tukakiweka kichwa relini, nikawasha. Taa ya kiboksi ikazimika.

"Kiboksi kimekufa."

Nilikiondoa kichwa, taa ikawaka. "Hakijafa, baba. Kinamkataa huyu."

"Basi ni mota."

Siku mbili alihangaika na mota. Aliifungua, akaisafisha, akairudisha, akasugua reli kwa mafuta ya taa. Taa ilizimika vilevile. Jumanne mchana, alipokwenda kuswali, nilichukua mita ya kupimia umeme, ile inayolia ukigusisha ncha zake, nikagusa magurudumu mawili ya ekseli moja. Ikalia.

Ndipo nilipoelewa. Katika treni hii reli moja huleta umeme, ya pili huurudisha, na mota hukaa katikati. Ekseli yetu ya chuma ilikuwa imeziunganisha reli hizo, umeme ukapita njia ya mkato kabla ya kufika kwenye mota. Magurudumu ya zamani yalikuwa na plastiki katikati. Sisi tuliiona plastiki ile tukadhani ni ubahili wa kiwanda.

Sasa nimwambieje? Huyu ni mtu aliyefundishwa kwamba gurudumu likiachana na ekseli, watu hufa. Mimi ninayejidai kuishi kwa maneno nilitunga sentensi nne na kuzifuta zote. Alipoingia, bado nilikuwa na mita mkononi.

"Umeona nini?"

"Ekseli inaunganisha reli mbili, baba."

"Ekseli kazi yake nini kama si kuunganisha?"

"Kwenye treni ya kweli."

Alininyang'anya mita. Akagusa ekseli ya kwanza, ikalia. Ya pili. Ya tatu akaigusa muda mrefu, kama anayesubiri ibadili mawazo.

"Mtunga hadithi," alisema hatimaye, "leo umenifunga bao."

Alikata ganda la plastiki la kalamu ya wino vipande vitatu vyembamba. Katika kila ekseli alilipanua tundu la gurudumu moja, akalivisha plastiki ile, akafunga upya. Nikawasha. Taa ikazimika.

Nilifumba macho. Nilisikia sauti ambayo nyumba yetu ilikuwa imeisahau: baba anacheka.

"Huyu wa kati nimemvalisha kinyume! Wenzake plastiki iko kushoto, yeye kulia. Umeme wa pande zote unakutana kwenye bodi hii ya chuma." Akaigeuza ekseli ya kati. Kichwa kikaguna, kikasogea, kikaenda hadi mwisho wa reli na kuangukia mkekani. Baba alikiokota, akakifuta kwa ncha ya kanzu.

Asubuhi alipanda basi la Mikumi, lile linalopita kijiji cha Ulaya. Mchana kutwa niliwaza kama atawaambia wanafunzi kwamba alikosea, au atawaonyesha treni tu. Dada alipiga simu saa tisa.

"Baba ameigeuza ekseli ya kati makusudi, anataka watafute kosa alilolifanya yeye."

"Wamelipata?"

"Bado. Anasema haondoki Mikumi mpaka walipate. Na wewe ole wako uwatumie jibu!"