Lenzi Iliyoombewa

Mke wangu ni fundi wa nguo, na fundi wa nguo haamini kitu ambacho hajakipima. Alipoamua kuninunulia lenzi ya kamera, alifanya kama anavyomfanyia mteja asiyeweza kufika dukani: alichukua vipimo kimyakimya. Nilikuwa naoga. Aliitoa kamera yangu kwenye mkoba, akaizungusha ile lenzi fupi mpaka ikatoka, akapitisha tepu yake kwenye mdomo wa chuma ulioachwa wazi, kisha akarudisha kila kitu mahali pake. Haya niliyajua baadaye. Siku ile nilitoka bafuni, nikajipaka mafuta, nikaenda Kiboko kupiga picha za harusi, na sikuona lolote isipokuwa uzi wa kijani ulionasa kwenye zipu ya mkoba.

Nilizaliwa Kikima, juu Mbooni, penye baridi na mashamba yaliyokatwa ngazi ngazi. Nilipomaliza kidato cha nne nilishuka, na tangu hapo sijatulia. Nimeishi Mwingi, nimeishi Kitui, nimekaa Kiboko nikiuza machungwa kando ya barabara kuu. Kila nilipohama nilianza mara moja kupakumbuka nilipotoka kana kwamba nilifukuzwa. Nikiwa Kitui niliwalilia watu kuhusu chai ya Mwingi. Mtu anayetembea bila sababu huulizwa maswali, lakini mtu anayetembea na kamera yuko kazini, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza iliyonifanya nipende kazi ya picha. Sababu nyingine zilikuja polepole.

Nyumba yetu iko juu kidogo ya mji wa Wote. Ukikaa barazani asubuhi, kabla vumbi halijaamka, unaiona milima ya Mbooni yote, ya buluu. Mimi huketi pale na kikombe, natazama kwetu. Na mara nyingi, zaidi ya ninavyokumbuka, nilisema maneno haya: "Ningekuwa na lenzi ndefu, ningeuvuta mlima wote ule uje hapa." Nilikuwa nasema tu, kama mtu anavyosema angekuwa na shamba karibu na mto. Yeye akiwa ndani, mguu kwenye cherehani, aliyasikia kama oda ya mteja.

Kwetu hapa kitu kipya hakitumiki kabla hakijaombewa. Ukinunua pikipiki, unaileta kanisani. Ukichimba kisima, mchungaji anakuja na chupa yake ndogo ya mafuta. Nimewahi kuona tangi la maji la plastiki likiwekewa mikono na wazee watatu. Kwa hiyo sikushangaa sana Jumapili moja ya shukrani mke wangu aliposimama kutoa ushuhuda, akiwa ameshika boksi lililofungwa kwa kitambaa cha pazia.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Asifiwe!"

"Ninyi nyote mnamjua mume wangu."

Kanisa likacheka. Nilitazama viatu vyangu.

"Huyu mtu anapenda kwenda. Mkimwona leo hapa, kesho mtasikia yuko Mwingi. Nimeomba. Nimefunga. Sasa nimeona niombe na mikono pia ikisaidia. Nimemnunulia kitu cha kuvuta vitu vya mbali vije karibu, ili yeye akae." Kisha akanigeukia, na sauti yake ikashuka ikawa ya nyumbani. "Kuja uchukue, mzee. Upige picha za hiyo milima yako ukiwa umeketi."

Akina mama walipiga vigelegele. Nilienda mbele, nikafungua kitambaa, nikafungua boksi. Ilikuwa lenzi nzuri. Nyeusi, nzito, ndefu kama chupa ya chai, imetumika lakini imetunzwa. Na kabla sijaitoa yote nilikuwa nimeshajua. Kamera yangu ni ya kampuni moja na lenzi ile ilikuwa ya nyingine. Kampuni hizi mbili hazipikiki chungu kimoja: kila moja huchonga meno yake kwenye kile chuma cha kuunganishia, na meno ya huyu hayaingii kwa yule hata ukiapa.

Nilifungua mdomo. Mchungaji alikuwa ameshaweka tone la mafuta juu ya mfuniko, na mkono wake mwingine ulikuwa kichwani mwangu.

"Baba, tunakiweka wakfu chombo hiki. Kikatulize miguu ya mtumishi wako."

"Amina!"

Amina yangu ilichelewa kidogo.

"Sasa, ndugu," mchungaji akasema, akipanga tai yake, "tupige moja. Mimi na mama hapa, na wazee nyuma."

Watu wote walikuwa wanatutazama. Mke wangu alikuwa ameshasimama kando ya mchungaji, ameinua kidevu, na uso wake ulikuwa na furaha niliyokuwa sijaiona tangu binti yetu apate nafasi ya chuo.

"Inahitaji kuchajiwa kwanza," nilisema.

Lenzi haichajiwi. Haina betri, haina tundu, ni vioo na bomba. Lakini kila mtu kanisani ana simu, na kila mtu alielewa. "Ah, chaji," wakasema wazee, wakarudi kukaa.

Ningeweza kumwambia tulipofika nyumbani. Nimeulizwa na rafiki mmoja kwa nini sikufanya hivyo, maana ni jambo dogo: mama, asante, lakini haiingii, turudishe. Kwanza, haikuwa ya kurudishwa. Aliinunua Machakos kwa mtu anayeuza mitumba ya umeme, pasi na redio na vitu visivyojulikana ni vya nini, na kitu kilichopakwa mafuta mbele ya kanisa hakirudishwi kwenye meza ya pasi. Lakini hiyo si sababu yenyewe. Sababu ni yale aliyosema kwenye ushuhuda. Hakuninunulia lenzi. Aliniomba nikae, aliniomba mbele ya watu, na nilijua nikisema haiingii, yeye angesikia kwamba mimi ndiye nisiyeingia.

"Imejaa?" aliniuliza Jumatatu.

"Bado."

"Waya wake uko wapi?"

"Inachajiwa na jua," nilisema, nikaiweka dirishani.

Ilikaa dirishani ikichajiwa na jua la Makueni, ambalo lingeweza kuchaji gari moshi. Majirani walipita kuitazama. Mama mmoja wa kanisani aliniuliza kama ingeweza kumwonyesha ndama wake aliyepotea.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Ningetafuta mpiga picha mwenye kamera ya kampuni ile nyingine, tubadilishane kamera, yake kwa yangu, na mke wangu asijue kamwe. Kwa ajili hiyo ilinibidi nisafiri. Nilienda Kiboko. Nilienda Kikima, nikakuta ukungu na marafiki wa shule, nikalala huko. Nilienda Mwingi kwa sababu mtu aliniambia kuna mtu. Zawadi iliyonunuliwa ili nikae ilinipa wiki za safari nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, kila moja kwa ajili ya ndoa yangu. Nilikuwa nakunywa chai vibandani nikiwaeleza watu wasionijua jinsi mke wangu anavyonipenda. Wengi walikubali kwamba ni mke mwema. Hakuna aliyekuwa na kamera.

Niliporudi kutoka Mwingi nilimkuta ameketi kwenye cherehani bila kushona. Lenzi ilikuwa mbele yake, na tepu ilikuwa shingoni.

"Niletee hiyo kamera."

Nilimletea. Aliizungusha lenzi fupi akaitoa, kwa wepesi ulionishangaza, mpaka nikakumbuka uzi wa kijani. Akapima mdomo wa kamera. Akapima kitako cha lenzi.

"Inchi mbili na kidogo. Hapa pia, inchi mbili na kidogo. Yule wa Machakos alikuwa na rula yake, tulipima pamoja mara mbili."

"Mama, haiingii."

"Nguo ikikataa na vipimo ni sawa, shida iko kwa anayeivaa." Aliisukuma. Akaigeuza. Akaisukuma tena kwa kiganja, kama anavyosukuma mto kwenye foronya. Chuma kilikwaruza chuma. "Ingia, wewe! Umeombewa!"

"Meno yake ni tofauti. Kampuni ni tofauti. Hata kwa nyundo haiwezi."

Aliiweka chini taratibu.

"Ulijua lini?"

"Kanisani."

"Kabla ya mafuta au baada?"

"Kabla kidogo."

"Aiya." Alivua tepu shingoni, akaanza kuizungushia kidoleni. "Na hilo jua la dirishani."

Niligeuka kutazama dirisha.

"Kwa hivyo siku zote hizi ulikuwa unaenda wapi?"

"Kuitafutia kamera inayoingia."

"Ulikuwa unatafuta, ama ulikuwa unatembea?"

Niliwaza uongo kadhaa, na wote ulihitaji umeme. "Vyote viwili," nikasema.

Nilidhani atalia, au atacheka, maana ni mwepesi wa kucheka. Badala yake alinitazama kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya, akipima kama bado kinaweza kutoa hata sketi ya mtoto. Kisha akasema, "Kesho tunaenda wote."

Mke wangu hasafiri. Alizaliwa Wote, akasomea Wote, na Machakos huenda kununua vitambaa na kurudi kabla ya saa kumi. Palikuwa pamebaki Kitui, na Kitui alikuwa hajawahi kufika, ingawa nimeishi kule na kumsimulia mpaka akachoka. Asubuhi alifunga muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, kwenye bakuli la plastiki kana kwamba tunaenda jangwani, akapakata lenzi mapajani njia nzima, akitazama nje mpaka tulipovuka mto. Hapo akasema, "Kumbe huku kuna maji," kwa sauti ya mtu aliyefichwa kitu.

Kitui kuna mzee mmoja Mwislamu ambaye familia yake ilitoka pwani zamani, naye ana duka la saa na redio nyuma ya soko. Nilimjua nilipokuwa nikiishi pale. Alituketisha, akamletea mke wangu soda, akaisikiliza habari yote bila kucheka hata mara moja, na hilo lilimgharimu, maana nilimwona akishika ukingo wa meza.

"Kwa hiyo mama ulipima."

"Nilipima."

"Na ukapima sawasawa."

"Mimi sikosei kupima," mke wangu alisema.

"Basi shida si yako, dada yangu. Shida ni ya hawa waliotengeneza." Akaingia nyuma ya pazia, akatoka na kamera ya zamani, ya chuma, ile ya kutia filamu. Akapuliza vumbi. Akachukua lenzi, akaigusisha, akaizungusha. Kak. Ilikaa kana kwamba zilizaliwa pamoja.

"Si nilisema inaingia?" mke wangu akanigeukia. "Si nilisema?"

"Ulisema."

"Filamu unayo?" nilimuuliza mzee.

"Filamu!" Hapo ndipo alipocheka. "Bwana, filamu ya mwisho niliuza hujaoa. Na ukiipata, nani ataisafisha? Yule wa kusafisha sasa anauza kuku. Hii ni ya kuangalia tu. Chukueni, ilikuwa inanizibia rafu."

Kwa miaka nimekuwa nikiwasumbua watu na habari za filamu: jinsi tulivyopiga bila kuona, jinsi tulivyongoja, jinsi picha moja ilivyokuwa na thamani. Nimesema mara nyingi kwamba ningetoa chochote ili nirudishiwe siku zile. Sasa nilikuwa nimerudishiwa, nimepewa bure dukani, bila filamu. Mchungaji akiniuliza siku hizi, namwambia picha zinakuja. Zamani pia zilikuwa zinakuja.

Tulirudi nyumbani siku hiyo hiyo, mchana ukiwa haujaisha. Nilikuwa nimeamua jambo njiani, nikalisema tulipofika barazani, wima, kama mtu anayetoa ushuhuda.

"Mama, nitakaa. Kazi za mbali nitaacha kwa muda. Mapicha ya hapa Wote yananitosha."

"Haya," alisema. Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa amekalia kiti changu, kamera usoni, anageuza ile pete ya lenzi kama nilivyomwonyesha. Nilienda jikoni nikapika chai mimi mwenyewe, nikavua viatu, nikachukua kigoda. Nilijisikia vizuri. Nilifikiri kuwa kukaa si kugumu kama nilivyodhani.

"Naona mabati," alisema. "Yanameremeta."

"Ni Mbooni hiyo."

"Naona barabara nyekundu. Inapanda, inapanda, halafu inaingia nyuma. Inatokea wapi?"

"Inafika Kikima. Halafu inashuka upande wa pili."

"Na upande wa pili kuna nini?"

Hili ni swali nililongoja tangu nimuoe. Niliweka kikombe chini, nikaanza: kuna bonde, nikasema, na mashamba ya kahawa, na shule moja ya mawe…

"Usiniambie." Alishusha kamera. Kwenye uso wake kulikuwa na duara la ukingo wa kioo, limemzunguka jicho. "Miaka yote unaniambia. Soko la Kikima ni siku gani?"

"Mama, una nguo za watu. Kuna sare za kwaya."

"Kwaya wataimba na za zamani." Alisimama, akaingia ndani, nikamsikia akifunika cherehani. "Na leo bado kuna gari? Mzee, wewe unajua haya mambo. Bado kuna gari la kupanda?"

Lilikuwepo. Nililijua vizuri, na dereva wake pia. Nilitazama viatu vyangu pale mlangoni, nilivyokuwa nimevivua muda si mrefu kwa moyo safi kabisa, nikaanza kutafuta soksi.