Tangi la Kanisa Liko na Kufuli Tatu

Jamani, leo kanisani kwetu Kathiani tumeaibika.

Mhubiri mgeni ametufundisha imani, tumaini na upendo saa nzima, mpaka sauti ikamkauka. Akaomba maji.

Tangi la kanisa limejaa. Lakini liko na kufuli tatu, kila mwanakamati na yake, maana hakuna anayemwamini mwenzake.

Mwenyekiti akasema, "Katibu afungue kwanza."
Katibu akasema, "Wewe ndiye mkubwa, anza."

Wakatazamana hivyo, mhubiri akikohoa.

Mama Amina, jirani yetu Mwislamu, akapitisha jagi la maji juu ya ua. Mhubiri akanywa, akambariki.

Kufuli ya tatu ni yangu, mimi mweka hazina. Ufunguo ulikuwa kwa mkoba.

Kwani ningefungua wa kwanza nionekane mjinga? Nyinyi mngefungua?