Salamu za Siku Nzima

Nilipopata kazi kwenye kibanda cha tiketi, stendi ya Newala, nilifurahi kuambiwa kwamba sitaongea na watu wengi. Mimi ni msichana mwenye haya. Nikipiga simu kwa mtu mzima, mikono hunitoka jasho. Kazi hii ilikuwa ya kutazama na kuandika tu.

Mama mwenye basi alikuwa amechoka na malalamiko. Basi lake huondoka Newala asubuhi kwenda Masasi, na abiria wa njiani walikuwa wakimpigia konda kumuuliza wamefika wapi. Konda aliwajibu kila siku kwamba wako mteremkoni, hata kama bado wanapakia magunia stendi. Watu walikaa juani mpaka wakakata tamaa, wakapanda bodaboda. Ndipo mama akamleta fundi, akafunga chini ya usukani kifaa cha kufuatilia gari, kidogo kama kipande cha sabuni. Kwenye simu ya ofisi basi likawa nukta ya kijani inayotembea juu ya ramani. Nukta ikianza kuteremka mlima, nilitakiwa nimwandikie ujumbe mama mmoja anayeuza chai Chiungutwa, kijiji cha chini ya mlima. Yeye angeandika kwa chaki kwenye ubao wa banda lake, na kuwapigia wanaokaa mbali na barabara ili watoke nyumbani.

Tatizo ni kwamba mama wa chai ni mtu mzima, rika la mama yangu. Huwezi kumwandikia mtu kama huyo habari ya basi kavukavu, kama unamfokea. Kwa hiyo nilianza na shikamoo. Nikauliza ameamkaje, watoto hawajambo, mgongo wa mzee wake unaendeleaje, mikorosho imeshatoa maua. Mimi niliishia darasa la saba na huandika polepole, hata kwenye simu. Naandika kwa kidole kimoja, nasoma, narekebisha. Nilipofika kwenye habari ya basi, nukta ilikuwa imeshamaliza mlima.

"Dada," konda aliniambia jioni moja, "ujumbe wako leo tumeupita njiani."

Nilicheka naye. Kesho yake sikucheka. Mama mwenye basi alikuja kibandani akanieleza habari za babu mmoja wa Chiungutwa, mwenye mtoto wa jicho. Alitakiwa awahi Masasi kwa madaktari wa macho, wanaokuja mara chache. Mjukuu wake alimpakia kwenye baiskeli mara tu walipopigiwa simu, lakini barabarani walikuta vumbi tu. Madaktari walikuwa wamebakiza siku moja, Alhamisi.

"Alhamisi mzee akiachwa tena," alisema, "nitatafuta mtu mwingine wa kushika hii simu."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Jioni nilijaribu kuandika ujumbe usio na salamu, nijizoeze. Niliufuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Jumatano nikapiga moyo konde, nikampigia simu mama wa chai. Nilimwamkia. Akaitikia marahaba na kuuliza ni nani. Nikasema ni wa kibanda cha tiketi.

"Aa, wewe wa barua ndefu."

Nikamweleza yote, mpaka la kufutafuta. Alicheka, nikasikia na vikombe vinagongana. Alisema ujumbe wangu anaupenda, huusoma basi likishapita, akiwa na nafasi. Hata mzee wake humsomea pale ninapomuulizia mgongo. Kisha akasema:

"Sikiliza, mwanangu. Asubuhi kabla basi halijatoka, nipigie unipe salamu za siku nzima. Na mimi nitaitikia za siku nzima. Likianza kushuka niandikie neno moja tu. Sitaona umenidharau."

Alhamisi nilimpigia basi likiwa bado linapakia. Tulisalimiana bila haraka, nikaambiwa kwamba mgongo una nafuu, na kwamba mzee wake alikuwa shambani kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho. Baadaye nukta ilipofika ukingoni mwa mlima, niliandika "Linashuka", nikatuma. Nilijiona kama nimempita mtu mzima njiani bila kumwamkia.

Nikabaki na nukta yangu. Ilishuka, ikanyooka, ikafika Chiungutwa, ikasimama. Kwa kawaida pale husimama kidogo tu. Safari hii haikuondoka. Nilihesabu dakika moja, ya pili, ya tatu. Nukta haisemi nani amepanda na nani ameachwa. Ikaanza tena kutembea kuelekea Masasi, nami sikujua lolote.

Simu ikatetemeka. Mama wa chai alikuwa ameandika: "Babu kapanda, kakaa mbele. Walifika kabla ya basi, ila kupanda ngazi kulichukua muda. Kauliza nani aliyewahisha habari, nikasema binti wa Newala. Anasema marahaba, ingawa hujamwamkia."

Niliusoma mara mbili. Basi lilikuwa linakwenda vizuri na hapakuwa na mtu kwenye dirisha la kibanda. Nikaivuta simu karibu, nikaanza kwa kidole kimoja kumwandikia mama wa chai, amfikishie babu akirudi: shikamoo babu, pole na safari, nyumbani hawajambo, jicho linaendeleaje. Sikufupisha hata neno moja.