Bendera ya Mzee Mashimba

Kinyozi hajinyoi. Kwa miaka thelathini na miwili Mashimba aliwaondosha wasafiri pale Stesheni ya Mwanza, na yeye hata siku moja hakuwahi kupanda treni kama abiria. Kazi yake ilikuwa bendera. Akiinua ya kijani, dereva hupiga honi, na watu na matenga yao ya dagaa wanaelekea Tabora. Kwao ni Kisesa, mwendo mfupi wa barabara. Treni ingempeleka wapi?

Habari za stesheni ile alizijua kama jina lake. Aliona mabehewa yakiingizwa melini pale Mwanza Kusini ili yavuke ziwa kwenda Uganda. Aliona mvua ikizoa tuta la reli na wasafiri wakilala wiki nzima kwenye mabenchi. Ukimuuliza moja, ujue huondoki mpaka umesikia zote.

Sasa amestaafu, na binti yake Odeta, aliyeolewa Shinyanga, amejifungua mtoto wa kiume. Kesho asubuhi mtoto anapewa jina, na jina lenyewe ni Mashimba!

"Baba, njoo na basi, utafika mapema," Odeta alimsihi kwenye simu.

"Mimi? Na basi? Mwanangu, usinitukane."

Treni inayofuata ingekuwa baada ya siku tatu. Ilikuwa apande hii ya jioni au akose kumpakata wajina wake siku yake.

Jioni ile alikuwa ndani ya behewa la mwisho, suti ya harusi imembana tumbo, mkewe Dorcas ubavuni, kapu la sato miguuni. Furaha ilimzidi hata akashindwa kuketi. Ndipo kengele ya kuondoka ikalia.

Miguu haikumuuliza, ikamshusha. Mashimba akapita kandokando ya mabehewa akifunga milango mmoja baada ya mwingine, kama alivyofanya maisha yake yote, kisha akanyoosha mkono juu. Kule mbele dereva Nathaniel, aliyeuzoea mkono ule, akapiga honi. Treni ikasogea.

"Baba Odeta!" Dorcas alipiga kelele dirishani. "Unaniacha niende na nani?"

Mzee akashtuka. Milango yote imefungwa, na aliyeifunga ni yeye! Akatimua mbio, koti likipepea, huku wachukuzi wakishangilia kama wako uwanja wa mpira.

Hellen, msichana aliyeachiwa kazi yake pale stesheni, alikuwa hajainua bendera bado. Akainua nyekundu. Breki zikalia, treni ikasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Mashimba alijibu akihema.

"Ulinifundisha mwenyewe, kijani haiinuki mpaka abiria wa mwisho apande. Haya, panda."

Akapanda, stesheni nzima ikicheka, naye akicheka kuliko wote. Alipochungulia dirishani, Hellen akanyoosha mkono, na bendera ya kijani ikapepea. Maelfu aliwainulia bendera hiyo. Leo imeinuliwa kwa ajili yake, na machozi yakamtoka.

"Dorcas," akasema, "kumbe ukiwa humu ndani inapendeza hivi!"