Siku Wazazi wa Kasha Walipoketi Darasani

Udongo wa Kasha, mtaa wetu wa kilimani upande wa Bagira, ukilowa una harufu yake, nzito kidogo, kama chungu kipya kilichotiwa maji kwa mara ya kwanza. Kwetu Bukavu mvua na masomo huanza pamoja, mwezi wa tisa, na mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na miwili harufu hiyo ilichanganyika na nyingine mbili: chokaa mbichi ya kuta, na mbao za mikaratusi ambazo zilikuwa bado zinatoa utomvu. Ndiyo ilikuwa shule yetu mpya ya sekondari ya serikali, madarasa sita juu ya kilima, mwendo wa dakika kumi tu kutoka nyumbani. Tulipoketi kwenye madawati yale, sketi zetu za bluu ziliganda kwa utomvu, na mtu akisimama kujibu swali alisikika akibanduka. Mama zetu walinung'unika walipofua. Sisi tuliyaonea fahari madoa yale, kwa kuwa hakuna mtoto mwingine Bagira nzima aliyekuwa nayo.

Wazazi wetu hawakuwa na fahari hiyo hata chembe. Kwetu serikali huitwa Leta, na tangu zamani watu husema kitu cha Leta hakina mwenyewe. Karibu mtaa wote ulikuwa wa Wakatoliki waliofundishwa na mapadri na masista, na kwao shule ilikuwa na sura moja: ukuta mrefu, kengele, sala ya asubuhi, na sista mlangoni anayekagua kucha. Yetu haikuwa na ukuta. Mbuzi walikatiza uwanjani wakati wa hesabu, na mmoja wao alikuwa na desturi ya kuchungulia darasa la saba, ambalo kwetu ndilo la kwanza la sekondari, kana kwamba ameandikishwa. Wavulana na wasichana walikaa dawati moja, jambo lililowakosesha mama kadhaa usingizi na, niseme ukweli, lililowafanya wavulana wengi waipende shule kuliko walivyowahi kupenda kitabu. Kila tulipoisifu nyumbani tulijibiwa kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Baba yangu alikuwa na lake la kuongeza. "Leta haizale," alisema, "itaweza namna gani kulea mutoto?"

Lakini kosa kubwa kuliko yote, lile ambalo wazazi walilitaja kwa sauti ya chini kama ugonjwa, ni kwamba katika shule ile watu walisema Kiswahili. Katika shule ya msingi niliyotoka, mtoto aliyekutwa akisema Kiswahili alivalishwa kibao cha mti shingoni, naye alikivua tu akimnasa mwenzake. Mimi nilikivaa sana. Kwa miaka sita nilijifunza Kifaransa kidogo na kunyamaza kwingi. Sasa hapa tukakutana na Prof Murhula, mwalimu wetu wa jiografia, mwanamume mwembamba mwenye viatu vilivyojaa tope daima, aliyeandika somo ubaoni kwa Kifaransa safi kisha akageuka na kutueleza kwa Kiswahili, akasema, "Muulize vile munaweza." Wiki ya kwanza hakuna aliyethubutu. Wiki ya pili nilinyoosha mkono nikauliza mvua ikishaingia ardhini inaishia wapi. Hakunicheka. Alisema swali lile lilistahili mwezi mzima, na kweli tulilifanyia mwezi mzima. Sijui kama kuna zawadi kubwa zaidi ambayo mtu mzima anaweza kumpa mtoto mwoga.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Papa, ndivyo nilivyomwita baba, alikuwa karani katika ofisi moja mjini, na Kifaransa ndicho kilichomweka kwenye kiti kile. Alizaliwa kijijini, upande wa Bunyakiri, akafika mjini akiwa kijana asiye na kitu, na mara ya kwanza aliposimama mbele ya dirisha la ofisi alifukuzwa kwa sababu hakuweza kusema kwa Kifaransa alichokuja kutafuta. Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Nadhani tangu siku ile alikuwa hajaacha kuwasikia. Kila jioni, kabla sijavua viatu, aliniuliza kwa Kifaransa nimejifunza nini, nami nilitafuta maneno, nikatoa sentensi iliyochechemea. Kichwani nilikuwa na mengi mno, ila hayakuwa katika lugha aliyoitaka. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja alitangaza uamuzi wake: baada ya Noeli ningehamia shule ya masista mjini, saa moja na nusu kwenda na vilevile kurudi. Nafasi alikuwa ameshaipata. Nililia siku mbili. Maman, yaani mama yangu, ambaye aliuza mboga za sombe na lengalenga katika soko la Bagira na ambaye aliacha shule akiwa darasa la tatu baba yake alipofariki, alinipangusa uso kwa kitenge chake tu. Mambo ya shule yalikuwa ya Papa.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, wazazi waliitwa uwanjani na Prefe, ndivyo tunavyomwita mkuu wa shule ya sekondari. Sisi watoto tulijibanza nyuma ya madarasa tukisikiliza. Walisema juu ya ukuta, juu ya mbuzi, juu ya dawati moja. Kisha Papa akasimama na koti lake la ofisini. "Prefe," alisema, "Swahili tuko nayo ku nyumba. Hatukutuma watoto huku waje kuitafuta." Makofi yalipigwa mpaka mbuzi wakakimbia. Hata mimi, pamoja na uchungu wangu, niliona amesema vizuri, na nikamchukia kwa hilo. Prefe alikuwa mtu mfupi asiyekasirika upesi. Alingoja makofi yaishe, akajibu, "Samedi kujeni mukae mu darasa. Mukiona watoto hawajue kitu, miye mwenyewe nitarudisha kibao."

Jumamosi wakaja. Sijaona tena darasa la namna ile. Wanaume wenye makoti walijikunja kwenye madawati yetu magoti yakigonga mbao, wanawake wakaketi watatu watatu, na sisi wanafunzi tukasimama kando ya kuta. Maman alikuwa ameacha meza yake sokoni kwa jirani. Alichagua dawati la nyuma kabisa, akaweka mikono yote miwili juu ya ubao wake, na nikaelewa kwamba hivyo ndivyo alivyofundishwa kuketi alipokuwa darasa la tatu, na kwamba tangu hapo hakupata kuketi darasani tena. Prof Murhula hakubadilisha somo. Alichora kilima cha Kasha, nyumba zake zikiwa zimeng'ang'ania mteremko, akaandika maneno ya Kifaransa, akayaeleza. Alisema juu ya udongo wetu unaokunywa maji na kuvimba, juu ya mteremko unaochoka. Wazazi wakaacha kukohoa. Kila mmoja pale alikuwa na jirani ambaye jiko lake, au kitu cha thamani zaidi, kiliondoka na mvua. Kisha akauliza kama kuna swali.

Halafu mkono wa Maman ukainuka. "Prof, miye niko na swali," alisema. "Nyuma ya nyumba yetu kuko mufereji. Mvua ikinyesha, maji inajaa mule, inalala siku mbili, siku tatu. Na ukuta inazidi kupasuka. Ile mufereji inasaidia nyumba, ao inaiua?" Papa aligeuka kumtazama. Mfereji ule aliuchimba yeye mwenyewe miaka miwili kabla, kwa mikono ya karani isiyozoea jembe, akaujivunia mbele ya majirani wote. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tulikuwa nao kweli, nyuma ya kitanda changu, na kila masika niliweza kuingiza kidole kingine. Prof Murhula hakuyajua hayo. Alifanya kama alivyofanya siku zote: akageukia darasa akauliza nani atamjibu huyu maman. Wenzangu wote walinitazama, maana mimi ndiye niliyekuwa na swali la maji.

Nilitaka ardhi inimeze. Nikinyamaza, kila mzazi angeona kwamba hatujui kitu, na kibao kingerudi, nami ningehamia kwa masista. Nikijibu, ningemwambia baba yangu mbele ya mtaa mzima kwamba anaiangusha nyumba yake kwa mikono yake. Nilimtazama Maman. Hakuwa ananitega, alikuwa anataka kujua, tu. Nikasema, "Inaiua, maman." Nikaeleza kwamba mfereji ule haukuwa na pa kutokea, kwamba maji yaliyolala yaliingia chini ya ukuta, udongo ukavimba na kuwa mzito, na kwamba ilifaa kuufungua upande wa chini mpaka kwenye mtaro wa barabara. Nilisema yote kwa Kiswahili chetu, bila kusita hata mara moja. Nilipomaliza, mzee mmoja aliyeketi mbele alisema polepole, "Kumbe," kisha akauliza juu ya mfereji wake. Baada yake akauliza mwingine. Somo la saa moja liliisha adhuhuri, na juu ya kibao hakuna aliyesema tena.

Papa alirudi nyumbani akitangulia, sisi wawili nyuma. Jumatatu asubuhi sikumwona akivaa koti. Alikuwa nyuma ya nyumba, na jembe mkononi, akiutazama mfereji wake. "Nsimire," aliniita, "kuja unionyeshe. Maji inapita wapi?" Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza jambo la shule kwa Kiswahili. Nilishika kamba ya kunyooshea mstari upande mmoja, Maman upande mwingine, naye akachimba mpaka saa sita, viganja vikichubuka. Mvua ya jioni ile ilipita mferejini ikiimba na kuteremka barabarani, tukasimama mlangoni sote watatu kuitazama. Kuhusu masista nilisikia tu akimwambia Maman kwamba nafasi ile wampe mtoto mwingine. Kifaransa hakuniachia: kila jioni nilimsomea kurasa mbili kwa sauti, na leo namshukuru. Ule ufa aliuziba kwa saruji, haukufunguka tena.

Miaka imepita na mji wetu umeona mengi ambayo sitayaandika hapa. Shule ile sasa ina ukuta, na wanafunzi wake ni wengi kuliko madawati. Waliokuwa wakiicheka wanakuambia bila aibu kwamba waliitaka tangu mwanzo. Kazi yangu ni kupima miteremko na kupanga mitaro, ripoti naandika kwa Kifaransa, lakini maman wa mtaani ninayemwambia asijenge mahali fulani namweleza kwa maneno yale yale niliyoyapata Kasha. Binti yangu anasoma pale pale. Katika mkutano wa wazazi wa mwaka huu Papa alikuja nami, akitembelea fimbo, kwa sababu mjukuu wake alimwalika. Baba mmoja kijana, mwenye tai, alisimama akasema watoto wanazidisha Kiswahili, afadhali kile kibao cha zamani kirudi. Baadhi walipiga makofi. Nilikuwa nimeshainuka kumjibu, Papa akanivuta mkono nikaketi, akasimama yeye.

"Maneno hiyo unasema, miye niliisemaka hapa hapa, fasi hii hii, wewe ukingali mutoto," alimwambia. "Kisha huyu binti yangu akanirekebisha mbele ya watu wote, mu Swahili. Nilisikia haya, sana." Akapumua kidogo, akiegemea fimbo. "Lakini nyumba yangu iko inasimama mpaka leo. Ni yeye aliisimamisha."

Kwa miaka yote ile hakuwahi kuniambia hivyo, si kwa Kiswahili wala kwa Kifaransa. Nililia pale pale, mbele ya wazazi wenzangu, na sikuona haya.