Watatu wa Malaba

Nilihamia Malaba kufuata mbao. Kwetu ni Matayos, lakini kazi yangu ni kubadilisha sakafu za malori, na malori yako Malaba, kwenye mpaka wa Uganda. Nilikuja na randa, misumeno miwili na shiriri ya marehemu baba, fidla ya uzi mmoja ambayo nyumbani hakuna aliyeitaka.

Banda nililopanga lilipakana na kibanda cha fundi wa redio. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyependa kufungua vitu kuliko kuvifunga. Jioni moja alinisikia nikipiga shiriri, akaja na kidude cha mviringo, chembamba kama sarafu, alichokitoa ndani ya saa ya kengele. Akakibandika kwenye ngozi ya shiriri, akaunganisha waya kwenye spika ya lori na betri. Nilipovuta upinde, sauti ya baba yangu ilitoka imekwaruzika, kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia.

Baadaye akatengeneza kisanduku kutokana na mashine ya karaoke iliyokufa. Ukikipa sauti, kinakurudishia baada ya muda, mara tatu au nne, kila mara imechoka zaidi. Redio mbili zilizokwama katikati ya stesheni zilitupa mvumo kama wa mvua juu ya mabati.

Wa tatu wetu alikuja kununua betri za tochi. Alikuwa mwanamke Mteso kutoka upande wa Tororo, Uganda, akivuka daraja la mpakani kila siku kuuza simsim, yaani ufuta, iliyosagwa, ile wanayoiita odi. Alisimama mlangoni akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kuna kitu kinakosekana katikati. Kesho yake akaja na akogo yake, vyuma vyembamba juu ya kisanduku cha mbao, vinavyopigwa kwa vidole gumba. Alikaa juu ya ndoo yake ya odi akaanza. Hakutufuata, wala hakutuongoza. Alikuwa akingoja sauti zetu zipite, kisha anaweka neno lake mahali ambapo sikujua kuwa pako wazi.

Tukawa tunakutana kila Jumapili mchana baada ya kanisa. Mara ya kwanza kupigia watu, ilikuwa kwenye uwanja wa malori, kwa madereva waliokuwa wakingoja karatasi zao. Dereva mmoja alisikiliza kwa muda, akamuuliza mpiga akogo:

"Dada, huu ni muziki ama redio imeharibika?"

"Ni vyote viwili," alimjibu, bila kuinua macho.

Dereva akavuta kiti akakaa. Hakuondoka mpaka alipoitwa.

Kisha ukaja mwaka wa korona, na mpaka wa Kenya na Uganda ukafungwa. Malori yaliruhusiwa kupita, lakini mama wa odi hakuruhusiwa. Foleni ilirefuka hadi sikuona mwisho wake, nami nilikuwa na kazi nyingi kuliko wakati wowote, na Jumapili nilikuwa mtu wa huzuni. Fundi ndiye aliyefikiria simu. Aliitoboa simu yake kuukuu, akaiunganisha na spika, tukampigia kwao. Akogo yake ilitufikia imechelewa, na shiriri yangu ilimfikia imechelewa vilevile. Tulijaribu kukimbizana, tukashindwa.

"Tusimkimbize," fundi alisema. "Tumwachie nafasi yake, naye atuachie yetu."

Basi nikawa napiga, nanyamaza, nangoja. Katika ule ukimya nilisikia kuku wa kwao na mtu akitwanga. Nilimsikia akivuta pumzi kabla ya kuanza. Ni siku hizo nilipojua kwamba simngojei kwa ajili ya muziki peke yake. Sikumwambia. Ungemwambiaje mtu jambo kama hilo, na fundi ameketi hapo na bisibisi mkononi?

Siku moja simu yake haikupatikana. Jumapili iliyofuata pia. Mpaka wa nchi ulipofunguliwa tena, mama mmoja muuza mtama alituambia kwamba mama wa mwenzetu alipatwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili umelala, na mwenzetu ndiye binti yake wa pekee.

Tulikwenda kumwona. Alikuwa amekonda. Alifurahi, alicheka, akatuandalia chai. Fundi alipotaja Jumapili zetu, yeye alitikisa kichwa taratibu. Alisema humpigia mama yake akogo kidogo ili apate usingizi, lakini kelele yetu mama angeiweza wapi.

"Nyinyi endeleeni," alisema. "Msiningoje."

Fundi, kwa wema wake, alitafuta sauti za mwenzetu alizokuwa amezirekodi, akaziingiza kwenye kisanduku. Tulijaribu mara moja tu. Akogo ilikuwa ile ile, safi, bila kosa. Nikashusha upinde.

"Si yeye," nilimwambia. "Yeye alikuwa anatusikiliza."

Fundi alizifuta mbele yangu, na siku hizi tunapiga wawili, wakati mwingine kwa vijana wa kanisa, ambao wanapenda zaidi waya kuliko shiriri.

Nimevuka daraja kumtembelea mara tatu. Hunipokea vizuri, tunazungumza habari za mvua na bei ya simsim, ananifungia odi nirudi nayo. Kila mara nakwenda na maneno tayari mdomoni, na kila mara narudi nayo.

Safari ya mwisho mama yake alikuwa ameketishwa kivulini kando ya jiko. Sasa anaweza kusema kidogo, kwa shida. Alinitazama kwa muda mrefu, akamuuliza binti yake kwa Kiteso mimi ni nani. Miaka yangu Malaba imenifundisha Kiteso cha kutosha.

"Ni yule tuliyekuwa tukipiga naye," alimjibu.

Nilitazama chini, nikangoja aongeze neno. Alichukua birika, akanijazia kikombe, akauliza kama sukari inatosha. Nikamwambia inatosha.